Watoto wa Gunia la Nyuma

Shamba Refu ni kijiji cha mahindi. Ukisimama barabarani upande wa kuelekea mji wa Kwanza, huoni mwanzo wala mwisho wa mashamba yake. Ifikapo mwezi wa Julai, mahindi husimama yakiwa yamebeba watoto migongoni kama akina mama waliopanga foleni zahanatini. Upande wa magharibi Mlima Elgon umejilaza, mkubwa, umejitanda shuka la mawingu, na kutoka mlimani huko ndiko walikoshuka Waogiek wachache ambao kisa hiki kinawahusu. Hawakushuka kwa kupenda. Waliambiwa msitu si wao tena, wakafungasha vyungu na watoto, wakaja kujibanza kwenye kipande cha ardhi kati ya mashamba ya watu na kijito. Wenyeji waliwaita watu wa msitu, na jina hilo halikuwa la sifa.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyeitwa Chemayiek. Alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito, na mchache wa maneno. Yeye na mumewe Kipketer walipalilia mashamba ya wengine tangu jua halijachomoza. Akiambiwa mstari wake ni mrefu kuliko wa jana, alisema ndiyo. Akiambiwa chakula cha vibarua kimekwisha, alisema ndiyo. Ukimtukana, alikutazama usoni kitambo kidogo, kisha akainamia jembe lake. Watu wakakata shauri kwamba ni mjinga.

Bintiye Jerop, aliyekuwa na umri wa miaka minne na nusu, alikuwa kinyume chake kabisa. Ungedhani maneno yote ambayo mama aliyabania, mtoto alirithishwa yakiwa mazima. Alimwuliza kuku kwa nini akinywa maji hutazama juu. Aligombana na upepo ulipomfunua nguo. Bibi yake, kogo, akimsimulia hadithi ya fisi mlafi, Jerop aliikatiza katikati na kuimalizia apendavyo, fisi akasamehewa na kupewa uji. Kipketer alizoea kusema kwamba nyumba yao haikuhitaji redio.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2004, Jerop alipelekwa chekechea ya kijiji. Chemayiek alimshonea gauni la buluu kwa kitambaa cha kununua, akamnyoa, akampaka mafuta hadi akang'aa kama punje ya kahawa. Njiani mtoto aliongea bila kituo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho njia ile ya shule kuisikia sauti yake kwa miezi mingi.

Shule ilikuwa chini ya Madam Wilkista. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye viatu vilivyolia kwa-kwa-kwa sakafuni, na tamaa moja iliyomkaa moyoni kama mwiba: watoto wake wafaulu intavyuu za kuingia darasa la kwanza katika shule kubwa za Kitale. Picha za waliofaulu alizibandika ukutani. Wasiofaulu hawakuwa na picha. Madawati mapya yalikuwa mbele. Nyuma kabisa, karibu na mlango uliopitisha vumbi, palitandikwa magunia mawili, na juu yake waliketishwa watoto watano wa kutoka mlimani.

"Madawati hayatoshi," Madam Wilkista alieleza.

Mwezi wa Februari alipokuja mtoto wa mwenye duka, jina lake Ian, dawati lilipatikana siku iyo hiyo.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa Phelista, msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Bungoma. Alikuwa na cheti kipya cha ualimu wa chekechea, na katika mafunzo yake alikuwa amefundishwa jambo jema: kwamba mtoto mdogo, kabla ya kujua herufi, anahitaji kujua kwamba yuko salama, kwamba hasira yake, hofu yake na furaha yake vina majina, na mtu mzima yupo wa kumsaidia kuvibeba. Aliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Lakini hii ilikuwa kazi yake ya kwanza, na Madam Wilkista hakuwa mtu wa kubishana naye. Phelista akafunga daftari, akafunga na mdomo.

Asubuhi ya kwanza Jerop aliona mjusi asiye na mkia kwenye paa la mabati. Akamgeukia mwenzake wa guniani, akamwambia habari hiyo ya ajabu kwa lugha ya kwao. Viatu vikalia mlangoni, kwa-kwa-kwa.

"Nani anazungumza kilugha darasani kwangu?"

Pale ukutani palining'inia kibao chenye kamba. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa ni mjinga. Madam Wilkista alikitungua, akampa Phelista.

"Mvalishe."

Phelista alisita. Kisha akapiga magoti, akamfunga Jerop kamba ile shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Na mtoto, ambaye hakujua kusoma, alitabasamu. Alikishika kibao kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, akanyoosha shingo wenzake wamwone. Alidhani amevishwa zawadi.

Darasa zima likaangua kicheko. Jerop naye akacheka, akitafuta kwa macho ni nini kinachochekesha. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso ulimfifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Kesho yake lilifuata jambo baya zaidi. Katika shule ile mtoto hakuruhusiwa kwenda chooni mpaka aombe kwa Kiingereza. Maneno yalikuwa marefu: *plizi ticha mei ai go auti*. Waliotoka nyumba zenye redio na ndugu wakubwa waliyajua. Jerop alisimama, amejibana gauni, akasema kwa lugha yake kwamba anataka kujisaidia. Hata jiwe lingemwelewa.

"Sema kama wengine," aliamuru Madam Wilkista.

Mtoto aliangalia mdomo wa Madam, akajaribu kuuiga. Ikatoka sauti isiyo na maana. Wengine wakacheka. Akajaribu tena. Kisha mkojo ukamtiririka miguuni mpaka kwenye gunia. Alitolewa nje, akaketishwa juani hadi akauke, na saa ya uji ilipofika, watoto walimpitia wakiimba, "Kikojozi! Kikojozi!" Ian ndiye aliyeongoza wimbo huo wiki chache baadaye, maana tabia mbaya haihitaji mwalimu wa pili.

Jioni Chemayiek alipokuja kumchukua, Madam Wilkista alimngojea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, nyinyi mmetoka msituni lakini msitu haujawatoka. Hata kumfunza mtoto choo hamjui? Hapa si pangoni, bana!"

Chemayiek alimtazama Madam, akamtazama mtoto, akatazama gauni la buluu lililokauka na kuwa gumu kama ngozi.

"Ndiyo, madam," alisema.

Phelista aliyasikia hayo akiwa ndani, na moyoni akamdharau mwanamke yule kidogo. "Ningekuwa mimi mama yake," alijisemea, "pangewaka moto." Yeye aliyefunga kamba kwa mikono yake!

Siku zikapita, na Jerop akajifunza haraka. Alijifunza kwamba mdomo ndio unaoleta kibao, basi akaufunga. Alijifunza kutokunywa uji ili asihitaji choo, akaanza kukonda. Kufikia Machi hakuna aliyesikia sauti yake shuleni. Alikaa guniani, magoti kifuani, akiutazama mlango. Akisukumwa, hakulia. Akinyang'anywa kikombe, hakukidai. Madam Wilkista alimwona ametulia, akasema walau sasa ana adabu.

Mwishoni mwa Aprili, Phelista alikuwa akiteka maji kijitoni Chemayiek alipomsimamia mbele. Hakumsalimu.

"Mwalimu, mmefanya nini mtoto wangu?"

"Mama Jerop, mimi…"

"Nyumbani pia hasemi. Wiki ya tatu hii. Kogo yake anamwambia hadithi, anaangalia ukuta. Kuku anamfuata, hamwongeleshi kuku. Usiku anakojoa, mchana anakojoa. Mimi nilileta mtoto mzima. Mmeweka wapi ule mwingine?"

Mtungi wa Phelista ulijaa, ukafurika, naye hakuuona.

Wiki ya pili ya Mei, Madam Wilkista alimwita ofisini na kumpa karatasi yenye orodha. Majina yalikuwa matano, yote ya watoto wa gunia la nyuma, na la Jerop lilitangulia.

"Hawa ni mabubu na wazito wa akili," alisema. "Wananiharibia shule. Afisa wa elimu anakuja Julai. Huyu wa kwanza mpeleke Bungoma apimwe masikio, ulete cheti chenye muhuri, tumpeleke bweni la viziwi. Akishaondoka mmoja, wengine ni rahisi."

"Madam, ana miaka minne. Bwenini, mbali na mama yake?"

"Mama yake atasema ndiyo. Umewahi kumsikia akisema lingine?"

Hivyo ndivyo Phelista, Chemayiek na Jerop walivyojikuta Bungoma siku ya Alhamisi, wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mpimaji wa masikio. Mpimaji huyo, Bi. Nakhumicha, alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimweka Jerop kwenye mkeka wenye vifuniko vya chupa vya kuchezea. Akazunguka nyuma yake, akaangusha kifuniko cha sufuria. Jerop alishtuka. Akapiga mluzi mdogo upande wa kushoto, macho ya mtoto yakaenda kushoto. Upande wa kulia, yakaenda kulia.

"Jina lako nani, mtoto mzuri?" aliuliza kwa Kiswahili. Kimya. Akauliza kwa Kiingereza. Jerop alijikunja, akaweka mikono yote miwili shingoni, kama anayejikinga na kitu.

Bi. Nakhumicha aliona ile mikono. Alivua miwani. Alikuwa amezaliwa Kapsokwony, mlimani, ambako baba yake alifundisha miaka mingi, na alikuwa hajaisahau lugha ya huko, ambayo ni ndugu ya lugha ya Jerop. Akakaa chini mkekani, akaanza kupanga vifuniko bila kumtazama mtoto, akasema kwa lugha hiyo, polepole, kama anayezungumza peke yake:

"Kuku wangu amepotea. Nimemtafuta kote. Sijui nani amemwona."

Nje muuza njugu alipita akinadi bidhaa yake. Kisha sauti nyembamba, iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, ikauliza:

"Wa rangi gani?"

Chemayiek alishika ukingo wa benchi. Phelista hakuielewa lugha ile, lakini alielewa kwamba mtoto aliyeitwa bubu amesema.

Wakazungumza juu ya kuku yule kwa muda, rangi yake, mayai yake, mwewe. Baadaye Bi. Nakhumicha akauliza, "Na shuleni, mbona huzungumzi hivi?"

"Mdomo wa shuleni hufungwa kamba."

"Na nyumbani? Nyumbani hakuna kamba."

Jerop aliangalia dirishani, akapunguza sauti. "Madam anasikia mpaka kwetu. Nikisema, mama atanijibu. Akinijibu, atavishwa kibao yeye pia. Watu watamcheka."

Bi. Nakhumicha alimgeukia Phelista, akamtafsiria neno kwa neno. Alipofika mwisho sauti yake ilikuwa imepanda kwa hasira.

"Umesikia, mwalimu? Mtoto wa miaka minne amemeza ulimi wake ili kumlinda mama yake. Kumlinda na nani? Na nyinyi! Serikali yenyewe inasema mtoto wa umri huu afundishwe kwa lugha anayoijua. Ati mmeniletea mgonjwa? Mgonjwa hayuko kwenye mkeka huu."

Akaandika cheti: masikio mazima, ulimi mzima, akili nzima. Akagonga muhuri kwa nguvu hadi meza ikalia.

Phelista aliona aibu ikimla kama mchwa alavyo nguzo. Alimgeukia Chemayiek aombe radhi, lakini yule alikuwa ameshainuka. Chemayiek hakulia, wala hakumtukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Kutoka Bungoma hadi Webuye, kutoka Webuye hadi Kitale, hakutamka neno. Lakini mtu angechungulia macho yake siku hiyo angeogopa.

Madam Wilkista alisoma cheti, akakitupa kwenye droo ya meza yake. "Nilikutuma muhuri, sikukutuma maoni," alisema. Bahati ni kwamba Jumatatu iliyofuata aliitwa kwenye semina ya walimu wakuu mjini Kitale, ya wiki mbili. Alipotoweka tu barabarani, Phelista alikitungua kile kibao, akakitia jikoni chini ya sufuria ya uji. Mpishi alimkodolea macho. Phelista akachochea.

Zile wiki mbili zilikuwa za namna nyingine kabisa. Magunia yalikunjwa, madawati yakapangwa duara, kila moja likabeba watoto wawili. Asubuhi kila mtoto alisema ameamkaje: ana furaha, ana hasira, anaogopa. Asiyekuwa na neno alichora uso mchangani. Jerop alichora uso usio na mdomo. Siku ya tatu akachora mwingine vivyo hivyo, na Phelista hakumharakisha. Choo kilikuwa cha mtu kuinua mkono tu. Kisha Phelista akaenda hadi kijitoni, akasimama mbele ya nyumba ya Chemayiek kama mdaiwa.

"Mama, sina haki ya kukuomba kitu. Lakini njoo ukae darasani. Waimbie. Wasimulie. Kwa lugha yenu."

Chemayiek alikuja. Alikaa katikati ya duara, akasimulia hadithi ya fisi mlafi, kipande kwa lugha yake, kipande kwa Kiswahili chake cha shambani, akichechemea kama fisi na kunusa hewa. Watoto walicheka hadi wakaangukiana. Ian, yule mwimbaji wa kikojozi, alitaka irudiwe mara tatu. Kwa siku chache tu darasa zima lilikuwa linajua kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya watu wa gunia, na watoto wale watano, waliokuwa walimu kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakanyoosha migongo. Siku ya tisa, mama alipofika pale fisi anapochapwa, Jerop alimwinamia Phelista sikioni, akanong'ona: "Si asamehewe."

Phelista alitoka nje, akalia nyuma ya jiko.

Lakini siku njema hazikudumu. Madam Wilkista alirudi, akakuta duara, akakuta "mwanamke wa msitu" ameketi kwenye kiti cha mwalimu. Hakuuliza. Alimfukuza Phelista kazi papo hapo, mbele ya watoto. Alimwamuru seremala achonge kibao kipya, kikubwa kuliko cha kwanza. Magunia yakatandikwa tena. Watoto wa mlimani waliporudishwa nyuma, mmoja wao alishika dawati la Ian asiachane naye, akabanduliwa vidole kimoja kimoja. Jerop hakubanduliwa. Alikwenda mwenyewe, akakaa, akakunja magoti.

"Baada ya mkutano wa wazazi msiwalete tena hawa," Madam alimwambia Chemayiek. "Umeelewa?"

Chemayiek alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Safari hii hakusema hata ndiyo.

Ijumaa ya mwisho ya Julai, wazazi walijaa darasani. Afisa wa elimu, Bwana Cheruiyot, alikuwa ametoka Kitale na faili lake. Wazazi wenye maduka na mashamba waliketi mbele. Watu wa kijitoni, mama, bibi na shangazi za wale watoto watano, wanawake kumi na wanne pamoja na waume wachache, waliketi pale walipozoea, nyuma, juu ya magunia ya watoto wao. Phelista, asiye na kazi tena, alisimama nje dirishani.

Madam Wilkista alisoma ripoti iliyonyooka kama rula. Alitaja waliofaulu, akataja uji, akataja rangi mpya ya ukuta. "Mwisho," alisema, "tunao watoto watano wenye upungufu wa akili. Tumewapima. Tumeshauriana na wazazi wao, nao wamekubali waondoke." Akaelekeza kidole nyuma bila kugeuza shingo. "Si mmekubali?" Hata hakungoja, akafunua ukurasa.

"Hapana."

Neno hilo halikuwa limetamkwa kwa sauti kubwa. Lakini watu wote waligeuka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua limetoka kwa nani. Chemayiek alikuwa amesimama.

"Mama, keti, muda wa maswali bado," alisema Madam Wilkista.

"Hapana," alirudia. "Kiswahili yangu ni ya shamba, lakini leo mtaisikia. Tarehe kumi na mbili mwezi wa kwanza, mtoto wangu alivaa mbao shingoni. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Alicheka, alifikiri ni zawadi. Tarehe kumi na tatu akakaa juani kutoka saa nne mpaka saa saba. Tarehe tatu mwezi wa pili mtoto wa duka alikuja, dawati ikapatikana. Wetu walikuwa chini, wakabaki chini. Tarehe kumi mwezi wa tatu mtoto wa dada yangu aliitwa nyani. Na wewe, madam, ndiye uliita. Nimeosha nguo ya mkojo mara hamsini na moja. Mara hamsini na moja! Na kila siku uliniambia maneno, na mimi nikasema ndiyo. Mlifikiri sina maneno. Nilikuwa nayaweka. Yote iko hapa." Akajigonga kifua. "Hata moja haijapotea."

Bwana Cheruiyot alijikohoza. "Mama, tumekusikia. Keti sasa. Tutaunda kamati…"

"Sikai! Huko mlimani tulikaa. Tuliambiwa kuna kamati. Kamati ilikunywa chai, sisi tukashuka na watoto mgongoni. Nilinyamaza msitu ikaenda. Nilinyamaza mtoto akaanza kwenda. Sasa nikinyamaza tena, kitabaki nini? Mtoto wangu si bubu! Bungoma walimpima. Alisema hataki kuongea nyumbani, asije mamake akavalishwa mbao na yeye. Miaka minne! Nyinyi mlio na watoto, mmesikia hiyo?"

Akageuka dirishani, akanyoosha mkono.

"Na wewe, mwalimu Phelista. Ulibadilika, nimeona, asante. Lakini mikono iliyofunga ile kamba ilikuwa yako."

Vichwa vyote vikageuka. Phelista angeweza kuondoka, hakuwa mwajiriwa wa mtu.

"Ni kweli," alisema kwa sauti. "Niliifunga mimi. Nilijua ni vibaya, nikaifunga. Na cheti cha Bungoma kinachosema mtoto ni mzima kiko kwenye droo ya meza hiyo, Bwana Cheruiyot. Fungua mwenyewe."

Madam Wilkista aliruka kuizuia droo, na kwa kuruka huko akawa amejihukumu. Afisa aliifungua. Alisoma. Uso wake ukabadilika rangi, labda kwa haki, labda kwa hofu ya watu waliokuwa wakimtazama.

Hapo ndipo mama Ian, mke wa mwenye duka, aliposimama katika safu ya mbele kabisa. Alikuwa na leso mkononi, ameisokota kama kamba. "Wangu pia alivishwa," alisema. "Alisema neno moja la kwetu, akavishwa siku nzima. Tangu hapo analala na taa. Niliona haya kusema." Mwingine akasimama. "Wangu anatapika kila Jumatatu." Mwingine. Na mwingine. Nyuma wale wanawake kumi na wanne walikuwa wamesimama wote, bega kwa bega, wakaanza kusema kila mmoja jina la mtoto wa kwao na lililompata, hawapokezani, wote kwa pamoja, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, mpaka mabati yakavuma. Waliokuwa sokoni, umbali wa nusu maili, walidhani mvua ya mawe inakuja.

Madam Wilkista alipaza sauti yake, ile iliyotetemesha watoto miezi saba. Haikusikika.

Haki ilikuja, ingawa ilikuja ikichechemea. Phelista alirudishwa kazini. Magunia yaliondolewa na madawati yakaletwa. Chemayiek aliajiriwa kuwa msaidizi wa mwalimu, wa nyimbo na hadithi. Lakini Madam Wilkista hakufutwa. Alihamishiwa shule nyingine mbali, na jambo hilo liliwachoma watu wa Shamba Refu na linawachoma hadi leo. Jerop naye hakupona kwa siku moja, kwa maana moyo wa mtoto si kitasa cha kufungua na kufunga. Aliongea kwanza na kuku, kisha na kogo, kisha na mama. Kulowesha kitanda kulimtoka polepole, karibu na Krismasi.

Siku Madam Wilkista alipokuja kuchukua vitu vyake, muhula wa tatu ukielekea kwisha, ilikuwa saa ya michezo. Alibandua picha zake ukutani, akazifunga kwa mpira, akatoka. Mlangoni akakutana na Chemayiek, aliyebeba beseni la vikombe. Kutoka uwanjani ilisikika sauti kali ya mtoto wa kike ikimgombeza Ian kwamba si zamu yake, kwamba amepita mstari, kwamba arudi nyuma haraka. Ilikuwa sauti ya Jerop, na ilijaa hasira safi ya mtoto asiyemwogopa mtu. Hakuna aliyemnyamazisha.

Madam Wilkista alisimama akaisikiliza. Kisha akasema kwa uchungu, "Miezi saba ulinijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ningejua una maneno kiasi kile…"

"Ungefanya nini?" aliuliza Chemayiek.

Chemayiek akampita na beseni lake, akaingia kuwagawia watoto uji.

Madam Wilkista aliufikia mlima wa maneno akidhani ni uwanda mtupu, na alijifunza kwa gharama kubwa walichokijua wazee wetu tangu zama: kimya kingi kina mshindo mkuu.